Kahawa ya Saba Kwenye Barua ya Msimu

Neema, anayekalia kiti changu sasa, ameniomba nimwandikie ukurasa mmoja wa maelekezo ya kutuma barua ya msimu, kabla sijasahau nywila na mambo mengine. Neema, nywila ipo kwenye bahasha ya kaki, droo ya chini upande wa kulia. Ukurasa mmoja sitauweza. Nimekalia kiti kile miaka mingi mno, na sasa kwa kuwa nimestaafu hakuna wa kuniambia nifupishe. Someni wote mliobaki ofisini, na atakayechoka aruke kurasa, ingawa nitajua tu.

Kwa wale walioajiriwa juzijuzi: mimi ni Akwilina, katibu muhtasi wa chama chetu cha wakulima wa kahawa tangu ofisi ikiwa vyumba viwili hapo mtaa wa Mawenzi. Wengine walipima kahawa, wengine waliionja, wengine waligombana vikaoni. Kazi yangu mimi ilikuwa barua. Kila msimu niliwaandikia wanunuzi wa nje kuwaambia kwamba kahawa yetu ipo, inatoka kwa nani, na ikoje. Mambo ya vyeo na mshahara siyaandiki hapa kwa sababu hayakunifundisha kitu.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vilivyonibana vidole. Nikapokelewa na Bwana Temba, mpiga chapa mkuu, mzaliwa wa Uru, mtu mwembamba asiyepandisha sauti. Alinikalisha mbele ya mashine ya chapa nzito, akaniwekea karatasi tatu zenye kaboni katikati, akaniambia niandike barua kwa mnunuzi mmoja wa Ulaya. Neno la pili tu nikakosea. Nikatafuta raba. Akainyanyua mkononi mwangu taratibu, akaiweka kwenye droo yake, akaifunga kwa ufunguo.

“Hapa hatufuti,” alisema. “Ukikosea anza upya. Mwisho utachoka kukosea.”

Nilianza upya mara kumi na moja siku ile, na kweli nilichoka. Jioni nikarudi Kiboriloni kwa miguu, viatu mkononi, nikimwambia kila niliyepishana naye sokoni kwamba nimepata kazi kwa mtu mkorofi. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa siwezi kupeleka barua bila kumwonyesha. Alikuwa anaisoma akiwa amesimama, dirishani, mbali na meza yangu. Nilipomuuliza kwa nini asikae, alisema mnunuzi naye hatakaa kwenye kiti changu.

Faida ya mashine ya chapa niliielewa nikiwa nimeshaiacha. Karatasi iliyotoka mikononi mwangu ndiyo iliyofika. Posta iliweza kuichelewesha, na mvua iliweza kuilowesha, lakini hakuna aliyeibadilisha sura njiani. Nilichokiona mimi ndicho alichokiona mnunuzi, na nakala ya kaboni kwenye faili ilikuwa ushahidi wangu. Mtu akilielewa hilo vizuri, ameshaelewa karibu yote yaliyonipata baadaye.

Kompyuta zilipokuja, Bwana Temba alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mwaka wote huo aliigeuzia kompyuta yake kisogo. Mimi nikapewa programu ya barua pepe, ile inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe na kutunza barua zako humo humo. Vijana mnafungulia barua zenu mtandaoni na mnaniona mshamba. Lakini intaneti yetu wakati ule ilikuwa inakuja na kuondoka kwa hiari yake, na programu ile haikujali. Unaandika barua zako asubuhi, zinakaa foleni, mtandao ukirudi zinaondoka zenyewe wakati wewe unakunywa chai.

Miaka ya mwanzo barua zetu zilikuwa maandishi matupu. Halafu mwenyekiti wetu, Bwana Shirima, akaona barua ya kampuni fulani ya kupandisha watalii mlimani, yenye rangi na picha, akaja nayo mezani kwangu imechapishwa.

“Mama Akwi,” alisema, “hawa wanauza kupanda mlima. Sisi tunauza kahawa. Mbona barua zetu zinafanana na telegramu za msiba?”

Sikupenda. Nilimwambia nitaliangalia, na siku hiyo hiyo nikaanza kujifunza. Barua yenye rangi na jedwali inaandikwa kwa HTML, yaani maneno yako unayafunga kwenye alama zinazoiambia programu ya msomaji: hapa weka herufi nene, hapa chora jedwali, hapa weka picha. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nafungua chanzo cha barua za watu wengine, kule nyuma zilikoshonewa, na kunakili alama moja moja kwenye daftari, kisha pembeni naandika kwa Kiswahili kazi ya kila moja. Programu yangu ilikuwa na mahali pa kuingizia HTML uliyoiandika mwenyewe. Unafungua barua mpya, unachagua kwenye menyu, unabandika, na ile barua inavaa nguo mbele ya macho yako. Mara ya kwanza ilipokubali niliita ofisi nzima ije kutazama, na wakaja, maana walikuwa wananiogopa.

Makosa niliyafanya yote. Barua ya kwanza niliitengeneza kwenye programu ya kuandikia nyaraka, nikanakili, nikabandika. Kwangu ilipendeza. Kwa wanunuzi ilifika na fonti za aina tatu na jedwali lililotoka nje ya ukurasa. Barua ya pili niliweka picha ya mlima, lakini niliielekeza kwenye folda ya picha iliyo kwenye kompyuta yangu. Mimi niliuona mlima vizuri kabisa. Wenzangu wote waliona kisanduku kitupu, na mnunuzi mmoja mwenye adabu akaniandikia kwamba amefurahi kusikia kuwa mlima bado upo.

Kila kosa liliingia kwenye daftari. Upana wa jedwali usizidi hapa. Picha iambatishwe ndani ya barua, isiachwe kwenye folda. Rangi iandikwe kwa kila kisanduku. Baada ya misimu kadhaa, nasema bila haya, hakukuwa na barua ya kahawa nzuri kama yetu mlimani wala mjini. Bwana Shirima alikuwa anaichapisha kila mwaka na kuibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Wageni walidhani tumeajiri kampuni ya Dar es Salaam, nami nilikuwa nawaacha wadhani hivyo.

Sasa niwaambie kuhusu kahawa ya saba, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikatae kuandika ukurasa mmoja.

Mnajua utaratibu wetu, lakini nauandika kwa faida ya wageni. Kahawa ya wanachama huchanganywa na kuuzwa kwa jina la chama. Mkulima aliyejitahidi kupita kawaida anaweza kuomba yake itengwe na iorodheshwe kwa jina lake kwenye barua ya msimu. Mnunuzi akiomba sampuli yake, hata mmoja tu, kahawa hiyo inabaki na jina la mwenyewe hadi huko iendako. Isipoombwa mpaka siku iliyopangwa, inamwagwa kwenye ya pamoja. Haitupwi, inauzwa na nyingine. Ni jina tu linalopotea.

Mama Restituta alikuwa mjane wa Uru. Kihamba chao, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa na migomba juu na mibuni chini yake, na mibuni hiyo aliipanda marehemu mume wake mwaka waliooana. Miaka yote kahawa ile iliandikwa kwa jina la mzee. Alipofariki, mama aliendelea kuihudumia peke yake. Alichuma mbivu tu, nyekundu tupu, akirudi kwenye mti ule ule mara tano sita. Aliimenya siku hiyo hiyo kwa mashine ya mkono, akaianika kwenye vichanja vya waya, na kukaa mbele ya vichanja akitoa mbovu moja moja. Muonjaji wetu alipoionja alinyamaza, akaionja tena. Kwa mtu yule kunyamaza ndiyo sifa kubwa.

Alikuja ofisini amevaa vizuri kama anakwenda kanisani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa pembeni ya meza yangu.

“Akwilina,” alisema, “Deo mwanangu amerudi kutoka Dar. Anataka kung’oa kahawa apande parachichi. Anasema kahawa ni ya wazee na haina mwenyewe. Nimemwambia tusubiri barua yako. Wakiiomba kwa jina langu, mibuni inabaki mpaka nife. Wasipoiomba sitabishana naye tena, ang’oe.”

“Itaombwa, mama,” nikamwambia. “Hilo niachie mimi.”

Sikusema kwa kumpoza, niliamini. Kahawa ilikuwa nzuri na barua zangu zilikuwa nzuri, na sikuona kitu kingine kinachohitajika. Nikaamua kumpa heshima ambayo sijampa mkulima mwingine. Nilipanda Uru na kamera ya ofisi, nikapiga picha mstari wa mibuni ulio kando ya mfereji, majani yakiwa bado na maji ya mvua, kijani kilichoiva karibu na weusi. Picha hiyo nikailaza nyuma ya mstari wa saba wa jedwali. Juu yake nikaandika jina la Mama Restituta, kijiji, na maneno ya muonjaji, yote kwa herufi nyeupe nene. Kahawa nyingine zote zilikaa kwenye weupe wa kawaida kwa herufi nyeusi. Yake ilikaa juu ya majani yake mwenyewe.

Nilijitumia kwanza, kama kanuni inavyotaka. Ikafika, nikaifungua, nikaitazama muda mrefu. Nakiri nilijisifu kwa sauti. Kisha nikaituma kwa wanunuzi wote.

Majibu yakaanza kuja siku ya pili. Sampuli ya kwanza, ya nne, ya tano. Ya kumi wakaigombania watu watatu, na ile ilikuwa kahawa ya kawaida sana, mwenyewe aliipeleka ili amridhishe mke wake. Ya saba hakuna. Nilikuwa naichungulia programu ile kila baada ya dakika chache, nikibofya kupokea barua hata pale ambapo zimetoka kupokelewa. Siku iliyopangwa ikafika, ikapita. Jumanne Bwana Shirima akafunga orodha, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeahidi, mimi ndiye niliyepiga simu.

“Hakuna, mama.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Aika,” akasema, asante ya nyumbani, akakata simu.

Niliwakasirikia wanunuzi wale siku mbili nzima. Niliwaona watu wasio na ulimi. Niliwaambia wenzangu mezani kwamba ukiwapa Wazungu kahawa ya maana wanaomba ile ya kumridhisha mke, na wenzangu wakacheka, nami nikaona nimemaliza.

Alhamisi asubuhi ikaja barua kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa mnunuzi wetu wa siku nyingi. Alikuwa safarini, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaomba sampuli mbili. Mwishoni akauliza kwa upole: orodha yenu inaruka kutoka ya sita kwenda ya nane, je, mmehesabu vibaya au kuna kahawa mmeiondoa?

Chini ya maneno yake ilikuwepo barua yangu mwenyewe, ile aliyokuwa anaijibu, na ilirudi jinsi ilivyoonekana kwake. Nikaishusha taratibu. Ya tano. Ya sita. Halafu pengo jeupe. Halafu ya nane. Nikadhani kuna mtu ameifuta. Nikashika kipanya, nikakiburuza juu ya ule weupe kama mtu anayechagua maneno ya kunakili, na maneno yakatokea: Restituta, Uru, tamu, safi, ndefu mdomoni. Nikabofya pembeni. Yakapotea tena.

Hapo nikaelewa. Programu za watu wengi hazionyeshi picha mpaka msomaji aruhusu, na nyingine picha iliyolazwa nyuma ya jedwali haziionyeshi kabisa, uruhusu usiruhusu. Picha ikiondoka kinachobaki ni ukurasa mweupe, na mimi juu ya ukurasa mweupe nilikuwa nimeandika kwa herufi nyeupe. Nilijaribu, ndiyo. Nilijitumia kwa anwani yangu, kwenye kompyuta yangu, kwa programu ile ile iliyoitengeneza na ambayo nilishaiambia zamani iniamini. Nilikuwa nimejiuliza mwenyewe kama napendeza, nikajijibu kwamba napendeza. Wakulima kumi na mmoja ambao sikuwafanyia kitu walisomeka vizuri. Niliyempamba ndiye niliyemfuta.

Nililia pale mezani. Naandika hivi kwa sababu baadhi yenu mlikuwepo, mkaambiwa ni mafua.

Neema, kanuni uliyoniomba ndiyo hii, na haifiki hata ukurasa mmoja. Tuma kwanza kwa mtu mwingine, kwenye kompyuta nyingine, programu nyingine, picha zikiwa zimezimwa. Kisha nenda ukaisome nyuma ya kiti chake. Na neno lolote ambalo maisha ya mtu yanalitegemea, liandike kwa namna ambayo hata rangi na picha zote zikianguka, lenyewe linabaki.

Nilikwenda kwa Bwana Shirima. Magunia ya kahawa ya saba yalikuwa yamwagwe kesho yake, Ijumaa.

“Simamisha,” nikamwambia. “Haikukataliwa. Haikuonekana.”

“Haikuonekana vipi?” Akageuka na kuonyesha ukutani nyuma yake, ambako barua ya mwaka ule ilikuwa imebandikwa, majani yaking’aa. “Si hiyo hapo? Ndiyo ya kwanza kuonekana!”

“Hiyo imetoka kwenye kompyuta yangu, mwenyekiti.”

Ilimchukua muda. Nikampeleka mezani, nikamwonyesha pengo, nikaburuza kipanya. Akajaribu na yeye, mara mbili. Kisha akapiga simu ghalani kuwaambia magunia yasiguswe. Nikakaa, nikaandika upya: maandishi matupu, hakuna jedwali, hakuna rangi, mistari sita kuhusu kahawa moja, na mstari wa saba wa kuomba radhi. Nilimtumia kwanza muonjaji kwenye simu yake, nikasimama nyuma yake akisoma. Ndipo nikawatumia wanunuzi.

Mama Restituta hakupokea simu. Nikampigia Bwana Temba, ambaye alikuwa amestaafu zamani na anaishi mwendo mfupi kutoka kwake. Nikamweleza yote. Nilitegemea anigombeze, lakini hakunigombeza.

“Njoo,” alisema. “Nitakata isale.”

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito haendi mikono mitupu. Anakwenda na jani la isale, ule mmea wa mipakani, na akiwa na mtu mzima wa kumsindikiza ni vizuri zaidi. Likipokelewa, neno limekwisha, na halirudishwi. Katika maisha yangu nilikuwa nimeliona likipelekwa kwa ugomvi wa mipaka na wa ndoa. Kwa barua pepe sikuwahi kusikia.

Dereva wa ofisi alitushusha njiani, tukateremka kwenye kihamba kwa miguu, Bwana Temba mbele na jani lake. Tulisikia shoka kabla hatujaona nyumba. Deo alikuwa amevua shati. Mstari wa kando ya mfereji ulikuwa umekwisha, visiki vimeng’olewa na kulazwa mizizi juu, na alikuwa ameingia mstari wa pili. Mama Restituta alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua maharage, amekipa kihamba mgongo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Akwilina. Na Temba pia? Kuna msiba?”

Bwana Temba alinipa jani nilishike mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja, nami nikapiga magoti kwenye udongo nikalinyoosha kwa mikono miwili. Nikasema kwamba kosa si la kahawa. Nikasema jinsi nilivyoweka picha, na jinsi picha ilivyoanguka njiani ikaondoka na jina lake, na kwamba mimi sikuangalia kwa sababu nilikuwa najiona najua. Deo alikuja na shoka mkononi akasimama kusikiliza.

“Mbona sielewi,” alisema. “Kahawa si imebuma? Mama mwenyewe kaniambia nipige kazi.”

“Haijabuma, mwanangu. Hawakuisoma. Leo ndiyo nimeipeleka ya kusomeka.”

Mama Restituta alikuwa ananitazama mimi, si jani.

“Kwa hiyo hawakuikataa,” alisema.

“Hawakuiona, mama.”

“Hawakuikataa,” akarudia, polepole, kama mtu anayepima kitu mkononi. Kisha akaweka ungo wa maharage chini, akapokea isale, akaliweka mapajani. “Limepokelewa. Inuka, udongo una maji. Deo, weka hilo shoka ndani.”

“Mama, nimeshakata mstari na nusu.”

“Nimeona ulichokata. Weka ndani.”

Akatupa chai na ndizi. Neno la barua halikutajwa tena siku ile, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya isale. Lakini njia yote ya kurudi nilikuwa naiona ile mizizi, na hakuna jani la mmea wowote linaloweza kuirudisha ardhini.

Sampuli ziliombwa na watu wawili. Yule mama aliyeuliza kuhusu hesabu yetu alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyeichukua yote. Ilipofika kwake aliandika barua ndefu, si kwangu, kwa Mama Restituta, kwa jina lake. Nikaitafsiri, nikaichapisha kwa herufi kubwa, nikapanda nayo Uru mwenyewe siku ya Jumapili baada ya misa.

Nilimsomea mlangoni pale pale. Mnunuzi alieleza kwamba jina Restituta limeandikwa kwenye mfuko, na kwamba watu wanaokuja dukani wanalisoma vibaya lakini wanalisoma. Mama Restituta alicheka kidogo hapo. Aliniomba nirudie sehemu hiyo, nikarudia. Deo alikuwa pembeni anapogoa mibuni iliyobaki, na ingawa alijifanya hasikii, mkono wake ulisimama.

Nilipokuwa nakunja karatasi, Mama Restituta akaniuliza, “Ile barua ya kwanza, ya mapambo, bado unayo?”

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Sijui kwa nini niliibeba. Labda nilitaka aione mtu mmoja ilivyokusudiwa. Nikampa. Aliishika mbali kidogo na macho, akautafuta mstari wake, na akaupata haraka kuliko nilivyotegemea. Maneno hakuyasoma. Alipitisha kidole juu ya majani, kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine.

“Huu ni mstari wa kando ya mfereji,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Huu ndio alioanza nao Baba Deo. Mimi nilikuwa nashika miche, yeye anafukia.” Akainua macho akatazama kando ya mfereji, ambako sasa palikuwa na udongo mtupu, kisha akarudi kwenye karatasi. “Sikuwahi kuwa na picha yake.”

Akaikunja mara mbili kwa uangalifu, pembe juu ya pembe, akaiingiza kifuani.

“Hii naichukua,” alisema. “Umeipamba vizuri kweli, Akwilina. Mwaka kesho niandike kwa wino mweusi, kama wenzangu.”